Kalibu Mpya ya Kusubu Chubwi: Weka Tupa Mbali

Kalibu yangu ya kwanza, yaani kile kifaa chenye matundu ya kumiminia madini yaliyoyeyuka yagande kwa umbo lake, niliiharibu kwa mikono yangu, siku ileile niliyoitoa kwenye boksi. Ilikuwa ya alumini, vipande viwili vilivyounganishwa kwa bawaba, na matundu manne ya chubwi za kuvulia mshipi. Nikasubu, yaani nikayeyusha risasi na kuimimina, mara ya kwanza, chubwi zikatoka na makunyanzi kama tende. Mara ya pili moja ikang'ang'ania ndani, haitoki. Nikaamini waliotengeneza wamekosea, nikachukua tupa na msasa. Kufikia magharibi matundu yalikuwa yamepanuka, vipande havikutani tena, na kila chubwi iliyotoka ilikuwa na pezi la risasi kiunoni.

Mjomba wangu, ambaye amesubu vyuma umri wake wote hapa Mombasa, aliigeuzageuza mkononi akasema, "Haikuwa na ila hii, mwanangu. Ilikuwa na baridi."

Tangu siku hiyo nimezoesha kalibu tano, tatu zangu na mbili za jamaa wa Mtwapa, na hakuna hata moja iliyohitaji tupa ndani ya matundu.

Kwa ndugu zetu wa bara: chubwi ni ule uzito unaozamisha ndoana, na risasi ninayoisema hapa ni madini yenyewe. Wavuvi wengi wetu hufunga jiwe, nati au plagi iliyokufa, na samaki wanapatikana. Lakini siku za bamvua, maji yanapovuta, jiwe linaburutwa. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, chuma hakifiki hata 8. Kwa hiyo chubwi ndogo inashuka wima na kukaa, na mvuvi anasikia samaki akigusa.

Kalibu mpya huja na mafuta ya mashine iliyoichonga. Huyaoni, lakini yapo, yamejificha hasa kwenye mistari membamba ya kutolea hewa. Risasi ya moto ikiyakuta, mafuta yanageuka gesi, na gesi inaisukuma risasi isishike ukuta wa tundu. Hapo ndipo yanapotoka makunyanzi mengi ya siku ya kwanza. Mimi huichemsha kalibu katika maji ya sabuni ya unga kwa muda wa kama robo saa, nikaisugua na mswaki mkuukuu, nikaisuuza, halafu nikarudia. Ukipitisha kitambaa cheupe ndani kikatoka cheupe, umemaliza.

Kisha ikauke. Neno hili nalisema kwa uzito wote nilio nao. Tone la maji likifunikwa na risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya maji. Risasi yote iliyo juu yake inaruka, na njia yake ni usoni kwako. Nimeona mkono wa kijana uliopigwa hivyo, na sababu ilikuwa upawa uliolala nje usiku wenye umande. Kalibu, upawa, waya za vitanzi vya kufungia mshipi, hata kipande cha risasi unachoongeza sufuriani, vyote vipashwe moto kwanza. Mvua ikianza kutonya, funga kazi.

Sasa ukaguzi. Ifunge kalibu uielekeze juani. Ukiona mwanga unapenya kati ya vipande viwili, usikimbilie kusema imepinda. Mara nyingi ni kinyweleo cha alumini kilichobaki ukingoni baada ya kuchongwa, kidogo kuliko punje ya chumvi. Pitisha ukucha polepole kwenye kingo zote, utakikuta. Kikwangue kwa ncha ya kijiti kigumu, na kikikataa, tumia mgongo wa kisu, kwa mkono mwepesi, ukielekea nje ya tundu. Funga tena, tazama tena. Mistari ya hewa usiiguse, maana ikizibwa au ikipanuliwa kalibu haipumui vizuri. Na bawaba ikicheza, kaza skrubu yake robo mzunguko tu kwa bisbisi. Ukarabati wangu wote unaishia hapo.

Kinachobaki ni moto, na hapa ndipo pa kuwa na subira. Iweke kalibu kavu pembeni mwa jiko la mkaa, mahali pa joto lakini si juu ya makaa, iive taratibu. Ikishapata moto sana, iondoe, iache ipoe yenyewe hewani hadi uweze kuishika. Usiimwagie maji kamwe, alumini itapinda. Rudia mara tatu. Ndani ya matundu inajengeka ngozi nyembamba, rangi inafifia kidogo, na risasi haishiki tena kama ilivyoshika kwenye ung'avu wa kiwandani. Baada ya mara ya tatu, na kalibu ikiwa ingali vuguvugu, napitisha matundu juu ya ncha ya mwali wa mshumaa mpaka yapate masizi membamba. Uwe moshi, usiwe nta. Masizi mazito nayo yanakula umbo la chubwi.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, lakini ikiwa imeyeyuka tu haijawa tayari kumiminwa. Ichanganye kwa kijiti kikavu kabisa. Kijiti kikibadilika rangi haraka na kufuka, joto linatosha. Engua takataka za juu, weka waya za vitanzi mahali pake, funga kalibu, mimina kwa mkondo mmoja usiokatika. Hesabu mpaka mkia wa risasi uliobaki mdomoni mwa tundu upoteze ung'avu na kuganda, ndipo ufungue.

Chubwi kumi, kumi na tano za mwanzo zitakuwa mbaya. Zirudishe sufuriani bila huzuni, kazi yake ilikuwa kupasha kalibu. Chubwi yenye makunyanzi na kona za mviringo inasema kalibu ni baridi, basi mimina upesi upesi. Ikitoka na uso mweupe kama imepakwa chokaa, joto limezidi, basi pumzisha kalibu kidogo. Kati ya hizo mbili kuna mahali ambapo chubwi inaanguka yenyewe ukifungua, laini, kona zake kamili. Kalibu ikifika hapo usisimame kunywa chai, endelea mpaka risasi iishe. Ikitokea moja imeng'ang'ania, gonga kichwa cha pini ya bawaba kwa kipande cha mti. Usitie bisbisi ndani ya tundu, na usigonge alumini kwa nyundo.

Kuhusu sufuria nina jambo ambalo jikoni kwetu ni la hatari. Sufuria zetu za nyumbani ni za alumini. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, na mkaa unaopulizwa na upepo wa bahari unaweza kufika hapo na kupita. Hata kabla haujafika, kitako chembamba kinalegea kikiwa kimebeba kilo kadhaa za risasi ya maji. Tumia chungu cha chuma, chenye kitako kizito, na kisipikiwe tena chakula maisha yake yote.

Risasi niipatayo mimi ni ya mabomba ya zamani, na vile vizito vya kubalansi tairi. Siku hizi vizito vingi ni vya zinki au chuma, ila vinajitambulisha vyenyewe: risasi ikiwa imeyeyuka tu, zinki bado ni ngumu, maana inasubiri nyuzijoto 420, na inaelea. Ienguliwe mapema, kwa kuwa ikiyeyuka inaharibu chungu kizima.

Betri za magari, hapana. Najua ni rahisi kuzipata, na najua wapo wanaozipasua. Sisi wa Mombasa tuna Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kando ya kijiji kile kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto na wazazi wao. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na mwanawe akaathirika, alipigania haki mpaka kikafungwa, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Baada ya hayo, mtu wa mji huu kupasua betri uani kwake ni jambo nisiloweza kulinyamazia.

Hata risasi safi ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Basi mimi husubu nje, upepo ukinipita ubavuni, nikiwa na viatu vya kufunika mguu, suruali ndefu, glavu za ngozi na miwani ya fundi. Sili wala sinywi kazini. Watoto wakirudi madrasa, jiko limeshazimwa. Nguo zangu zinafuliwa peke yake, na mikono naiosha kwa sabuni kabla sijashika hata kitasa cha mlango.

Kalibu zinazotoka Marekani huandikwa aunsi, ilhali wateja wetu wanauliza gramu. Aunsi moja ni gramu 28 na kidogo, hivyo tundu la aunsi 4 linakupa chubwi ya gramu 113. Nimeandika kwa wino ubavuni mwa kila kalibu ili nisikosee ninapopokea oda.

Ukimaliza, iache ipoe ikiwa wazi. Hewa yetu ya chumvi inakula pini ya bawaba kwanza, kwa hiyo tone moja la mafuta hapo, kwa ncha ya sindano, na matundu yabaki makavu. Mimi huifunga katika kitambaa nikaiweka ndani ya kopo lenye kifuniko, juu ya kabati la karakana.