Begi la Dharura Liko Tayari: Je, Inatosha?

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumbani tuko watu watano, akiwamo mama mkwe wangu ambaye hawezi kutembea bila kushikwa. Baada ya mafuriko kufika mtaa wa pili, niliandaa begi lenye tochi, redio ya betri, nakala za vyeti na chakula kikavu. Mume wangu hufanya kazi za usiku. Je, nimesahau nini?

JIBU: Dada yetu, ulivyoviweka ndivyo vinavyotakiwa. Ongeza filimbi, fedha taslimu kidogo, na dawa za mama za wiki moja pamoja na karatasi yenye majina ya dawa hizo na vipimo vyake. Maji hayataenea katika begi lolote: kila mtu anahitaji takribani lita 4 kwa siku, hivyo watu watano kwa siku 3 wanahitaji lita 60, nazo zikae nyumbani katika madumu safi yenye vifuniko, juu ya kimo ambacho mafuriko yanaweza kufikia.

Linalonitia wasiwasi ni mama, kwa kuwa hukueleza ni nani atakayembeba usiku ambao mumeo yuko kazini na umeme umekatika. Jibu la hilo liko kwa majirani. Tetemeko la ardhi lilipolipiga jiji la Kobe, Japani, alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, wengi wa waliotolewa hai chini ya vifusi waliokolewa na jamaa na majirani zao, kwani vikosi vya uokoaji havikuweza kufika kila mahali kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo waendee majirani wawili wenye nguvu, uwaombe waziwazi, na mfanye zoezi pamoja. Chukueni kiti imara chenye egemeo. Mmoja ashike egemeo kwa nyuma, mwingine ashike miguu ya mbele, kisha mkiinamishe kidogo kuelekea nyuma ili mama asiteleze. Mwombeni ridhaa yake kwanza, maana yeye si mzigo, na ndiye atakayewaambia panapomuuma. Anzeni mchana, halafu mrudie usiku kwa mwanga wa tochi; hapo ndipo mtakapogundua kama kiti kinapita mlangoni na kama kuna kabati linalozuia njia. Kubalianeni pia ishara ya kuitana, kwa mfano milio mitatu ya filimbi, kwa kuwa mitandao ya simu huelemewa wakati wa maafa.

Ninakusihi sana msingoje kuyaona maji uani. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sembuse watu wawili waliobeba kiti. Kaya yenye mtu asiyeweza kukimbia huondoka tahadhari ya kwanza inapotangazwa, hata kama mtaa mzima bado umelala.