Nachagua The Sims 2, mchezo wenye mirathi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili limetaka tuseme: katika mfululizo wa michezo ya kompyuta tunaoupenda, ni toleo lipi linalopita mengine, na ni jambo gani dogo lililotufanya tulichague? Mimi nimeucheza The Sims, mchezo wa kuendesha maisha ya watu wa kubuni nyumbani kwao, tangu toleo la kwanza hadi la nne. Nachagua The Sims 2 ya mwaka 2004, na jambo dogo lenyewe ni mirathi.

Mzee akifariki katika mchezo ule, jamaa na marafiki zake hupata fedha, kila mmoja kwa kadiri walivyopendana naye. Kijana aliyekuwa akimpigia babu simu na kukaa naye hupata fungu nono. Aliyemtupa huambulia kidogo. Na kama mzee amekufa akiwa ameridhika na maisha yake, mtoa roho mwenye joho jeusi huja pamoja na wachezaji ngoma wa Hawaii, akamkabidhi marehemu kinywaji na sanduku la safari, ndipo waondoke. Kaburi hubaki uani. Walio hai wanabaki na kumbukumbu ya kifo kile katika orodha yao, sambamba na busu la kwanza na siku ya kuzaliwa mtoto, na kumbukumbu hizo hizo ndizo wanazosengenya wakikutana na majirani.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: unapewa watu, kiwanja na simoleon 20,000, ndiyo fedha ya huko. Unajenga, unawatafutia kazi, unahakikisha wamekula, wameoga na wamelala. Aliyeubuni ni Mmarekani Will Wright, ambaye nyumba yake iliteketea katika moto mkubwa wa Oakland, California, mwaka 1991. Alipokuwa akinunua upya vitu vya nyumbani alianza kujiuliza kila kimoja kina faida gani kwa mtu, na mawazo hayo yakaingia katika mchezo uliotoka Februari 2000.

Toleo lile la kwanza lilikuwa kali, na naliheshimu kwa ukali huo. Watu walikuwa na mahitaji manane, nayo yalishuka upesi mno. Ukirudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni umechoka, una njaa, unanuka, na bado bosi hakupandishi cheo mpaka uwe na marafiki wa kutosha. Mtoto mchanga ukimtelekeza, mfanyakazi wa ustawi wa jamii anakuja kumchukua. Mwanafunzi anayefeli anapelekwa shule ya kijeshi harudi tena. Lakini muda wenyewe haukuwepo. Kichanga kilikaa kwenye kitanda chake siku tatu, kikageuka mtoto wa shule, na mtoto wa shule akabaki hivyo maisha yake yote. Mama hazeeki, baba hazeeki. Ungeweza kuijaza nyumba samani za kifahari, ukoo haukupata hatua mbele.

The Sims 2 ndiyo iliyoleta umri: mtoto mchanga, mtoto anayejifunza kutembea, mtoto wa shule, kijana, mtu mzima, mzee. Pamoja na umri ikaleta damu. Nywele nyeusi na za kahawia zina nguvu kuliko za dhahabu na nyekundu, lakini zilizoshindwa hazipotei, hujificha. Mama mwenye nywele nyeusi anaweza kumzaa mtoto mwenye nywele nyekundu za bibi yake, kizazi kizima baada ya bibi kuzikwa. Pua ya babu inakurudia katika uso wa mjukuu. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilianza kuwatazama watoto wa mchezo kama tunavyowatazama watoto wachanga nyumbani: huyu kachukua kwa nani?

Ulezi nao una kazi ya kweli. Kichanga unakibeba, unakiogesha kwenye sinki la jikoni, unakitolea chupa ya maziwa kwenye friji. Akikua kidogo inabidi mtu akae naye kumfundisha kutembea, kuzungumza na kutumia poti, na hilo linakula saa nyingi za mzazi ambaye naye anatakiwa kazini. Kila mtu ana matamanio manne na hofu tatu zinazobadilika mbele ya macho yako: yule anayetaka familia anaomba mjukuu, anayetaka mali anaomba cheo.

Ukitaka mtoto asome shule binafsi, unamwalika mwalimu mkuu nyumbani. Mimi hili nalipenda kupita maelezo. Unampokea mlangoni, unamtembeza chumba kwa chumba, unamlisha, unampigia porojo, na alama zinahesabiwa juu ya kioo. Zikifika 90 mtoto anapokelewa. Nimeona chakula kikiungua jikoni huku mgeni amekaa mezani na baba akihangaika kumchangamsha. Mzazi yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi aliyewahi kuhangaikia nafasi ya shule anaijua hali hiyo.

Toleo la tatu, la mwaka 2009, wengi watalitetea, na wana haki. Mji wote ulifunguka. Unatoka nyumbani kwa miguu, unapita kwa jirani, unafika bustanini bila kusubiri chochote kipakiwe. Majirani wanaoa, wanazaa na wanazeeka hata usipowatazama, wakati katika The Sims 2 ukiwa nyumba hii, nyumba nyingine zote zimesimama. Rafiki wa shuleni anabaki kijana huku mtu wako ana mvi, mpaka uamue kuzicheza nyumba kwa zamu. Na ile njia ya kubadili rangi na nakshi! Ulichukua nakshi moja ukaipaka kwenye kochi, pazia, gauni na shati. Harusi zangu zote za The Sims 3 watu walivaa sare, ukoo mzima, hadi watoto, na hakuna toleo jingine lililoniruhusu kufanya hivyo kwa urahisi ule.

Hata hivyo mji ule mpana ulinificha mambo. Mtu anaingia mgahawani, mlango unafungwa, na wewe unabaki kutazama jengo. Majirani nao walihama bila kuaga. Nilikuwa nikimlea mtu kwa wiki nzima za mchezo, nageuka, familia ya rafiki yake haipo tena mjini.

The Sims 4 ilipotoka Septemba 2014 haikuwa na mabwawa ya kuogelea wala watoto wanaojifunza kutembea. Mabwawa yalirudi Novemba mwaka huo huo. Watoto hao walisubiriwa hadi Januari 2017. Kwa miaka hiyo mtu alikuwa kichanga, kisha ghafla mwanafunzi, na kichanga chenyewe kilikuwa kimegandana na kitanda chake. Hofu, ambazo The Sims 2 ilizaliwa nazo, ziliongezwa mwaka 2022. Siwezi kulichagua toleo lililoanza kwa kuuondoa utoto.

Lakini kuna deni moja ambalo The Sims 4 ililipa, na The Sims 2 haiwezi kulikwepa. Toleo ninalolipenda lina rangi nne tu za ngozi za binadamu. Nne, kwa dunia nzima! Desemba 2020 The Sims 4 iliongeza rangi zaidi ya 100, weusi wa aina nyingi wenye joto na wenye ubaridi, na kwa mara ya kwanza niliweza kumtengeneza shangazi yangu akaonekana ni yeye. Ningepewa nafasi ya kuchukua kitu kimoja kutoka toleo la nne nikakipeleka la pili, ningechukua hicho.

Mwishoni mwa Januari 2025, mfululizo ulipokuwa ukitimiza miaka 25, The Sims na The Sims 2 zilirudishwa sokoni kwa ajili ya kompyuta za sasa. Anayetaka kuionja The Sims 2 asianze na familia tajiri. Aende Pleasantview, mmoja wa mitaa ya mchezo huo, aichukue nyumba ya Brandi Broke: mume kafa maji kwenye bwawa, kuna kijana mmoja, mtoto anayejifunza kutembea, na mimba tumboni. Asitumie msimbo wa kuongeza fedha. Amsubiri huyo mtoto azaliwe, kisha amtazame usoni aone amechukua nini kwa baba ambaye hatamwona.