Mwalimu, mwambie mumeo kwamba ulijua

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Pasiansi hapa Mwanza na mume wangu anayeuza dagaa Mwaloni, watoto wawili, na mama mkwe aliyetoka Ukerewe. Nina makopo 32 ya maua sebuleni na barazani. Darasa langu lina wanafunzi 89, na nikirudi na mzigo wa madaftari, dakika ninazotia kidole kwenye udongo kuona kama umekauka ndizo pekee ambazo hakuna anayeniita. Wiki iliyopita mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu alitafuna jani pana lenye madoa meupe, mdomo ukavimba, akalia usiku kucha. Zahanati walimhudumia na sasa ni mzima. Mume wangu anataka yote yatupwe kabla ya Jumamosi, na mama mkwe anamuunga mkono akisema maua hunyonya hewa usiku. Sijamwambia mtu kwamba aliyeniuzia alinionya kuwa ua lile lina sumu. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku ule, na pole kwa siri unayoibeba tangu hapo.

Kuhusu makopo ungeweza kuzungumza na mumeo bila mimi. Linalokukwamisha ni kwamba ukianza kuyatetea itakubidi ama useme ulijua, ama udanganye. Mwambie leo, mtoto akishalala, wala usianze na habari ya Jumamosi. Sema, "Aliyeniuzia lile ua alinionya, nami nikaliacha mahali mtoto anapofika. Nimekosa." Kisha nyamaza umwache aseme yake. Atakasirika, na ana haki, kwa maana mtoto ni wake pia. Lakini akija kulisikia kwa muuza maua, hatakuamini tena hata utakapomwambia kwamba chai haina sukari.

Kabla ya mazungumzo hayo, ua lenyewe liwe limeshatoka nyumbani. Kwa ulivyolieleza, naamini ni Dieffenbachia, ambayo utomvu wake una vichembe vyenye ncha kama sindano, vinavyochoma ulimi na fizi mara jani linapotafunwa. Ling'oe ukiwa umevaa glavu, na usimpe jirani mwenye watoto. Kama unalo lile linalotambaa, lenye majani ya umbo la moyo, nalo lina vichembe vya aina hiyo, kwa hiyo lisikae chini hata siku moja.

Kuyatupa yote, hapo sikubaliani na mumeo. Mtu anayeitwa "mwalimu, mwalimu" tangu saa moja asubuhi, kisha akaitwa "mama" mpaka usiku, anahitaji mahali ambapo haitwi, na wewe umepapata penye udongo. Mumeo hajui hilo, kwa sababu anachokiona ni mke aliyerudi akawapita watu wote sebuleni kwenda kumwagilia. Msomee maneno uliyoniandikia kuhusu kidole na udongo. Halafu punguza: maua ya ndani hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu, na mengi hayahitaji kumwagiliwa kila siku. Ukianza kwa kuketi na wanao, ndipo uende kwenye makopo, hakuna litakaloharibika.

Nafasi ya lile lililotoka, tafuta yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya, yasiyo na sumu kwa mtoto. Ni ya milima yetu ya Usambara. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyapeleka kwao mwaka 1892, na leo yamejaa madirishani Ulaya.

Mama mkwe usibishane naye. Ni kweli mimea hupumua usiku, ila makopo yako yote hayafikii hewa anayoitumia mtu mmoja aliyelala. Badala ya kumweleza hayo, mwombe akuonyeshe namna ya kuchanganya samadi iliyooza na mchanga, maana umesema ametoka Ukerewe, na sijui mama wa Ukerewe asiyeujua udongo.

Na Jumamosi ikifika, mwombe mumeo kitu kimoja. Watu wa dagaa wanajua kuunda vichanja vya kuanikia. Akuundie kimoja pale barazani, kirefu kuliko mkono wa mtoto aliyepanda kigoda, na achague mwenyewe makopo yatakayokaa juu yake.