Maswali ya Wasomaji: Gari la Kuvuta Mbele na la Kusukuma Nyuma Kwenye Theluji

Swali: Habari za kazi, mafundi. Gari langu linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kila mtu ananishauri niliuze kabla baridi haijaingia, ninunue linalovuta kwa mbele. Je, wana haki?

Jibu: Salama, ndugu yetu. Wana haki nusu.

Gari la kuvuta mbele limebeba injini na giaboksi juu ya magurudumu yaleyale yanayovuta, hivyo karibu asilimia 60 ya uzito wake imeyakalia matairi hayo. Uzito ndio unaoligandamiza tairi hadi lishike theluji. Gari la kusukuma nyuma lililosawazishwa vizuri lina kama asilimia 50 nyuma, na pikapu isiyo na mzigo huwa na chini ya hapo. Ndiyo maana kwenye tambarare, la kuvuta mbele huondoka wakati la kusukuma nyuma bado linazungusha matairi palepale.

Mlimani mambo hubadilika kidogo. Gari likipanda, uzito hurudi nyuma na pua inakuwa nyepesi, kwa hiyo la kuvuta mbele hupungukiwa nguvu pale hasa linapoihitaji. Wako madereva ambao mlima mkali ukiwashinda hupanda kinyumenyume, ili magurudumu yanayovuta yawe upande wa chini wenye uzito. Njia hiyo inafanya kazi, mradi barabara iwe tupu na uende polepole.

Linalosahauliwa ni kusimama. Breki hukamata magurudumu yote manne, iwe injini inazungusha ya mbele au ya nyuma, na kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kufika mara 10 ya ule wa lami kavu. Hapa la kuvuta mbele lina hatari yake: linaondoka kwa wepesi, dereva anaongeza mwendo, na utelezi anaugundua akishakanyaga breki. La nyuma humwonya mapema, tangu anapoondoka.

Usiuze gari. Hela hiyo nunulia matairi manne ya baridi. Gari la kusukuma nyuma lenye matairi hayo litalishinda la kuvuta mbele lenye matairi ya kiangazi, kwenye kona na kwenye breki.

Swali: Mimi ninalo la kuvuta mbele. Nimeambiwa nifunge matairi ya baridi mawili tu mbele, kwa kuwa ndiko nguvu iliko. Yanatosha?

Jibu: Hayatoshi, na ni hatari kuliko unavyodhani. Mbele kutashika na nyuma kutateleza. Siku utakayofunga breki kwenye kona au mteremko, mkia utazunguka kuja mbele. Funga manne ya aina moja.

Ubavuni mwa tairi tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hilo limepimwa kwenye theluji. Herufi M+S (kifupi cha Kiingereza cha matope na theluji) peke yake ni maneno ya mtengenezaji tu. Ujerumani, kwa mfano, tangu Oktoba 2024 haiyahesabu tena matairi yenye M+S bila alama ya mlima kuwa ya baridi. Raba ya kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, ilhali ya baridi hubaki laini.

Pima na kashata, yaani mafundo ya raba usoni mwa tairi. Sheria za nchi nyingi za Ulaya huruhusu kina cha milimita 1.6, lakini kwenye theluji tairi lililofika chini ya milimita 4 limekwisha kazi. Upepo nao hupungua kama psi 1 kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6, basi upime asubuhi kabla tairi halijapata moto. Wanaopunguza upepo kwa makusudi ili tairi lishike wanajidhuru: barabarani tairi laini linayumba na kuchelewa kuitika usukani.

Swali: Nikiachia mafuta ghafla kwenye kona yenye theluji, mkia wa gari langu (la kusukuma nyuma, gia za klachi) unakimbia nje. Nifanye nini?

Jibu: Ukiachia mafuta ghafla, injini inageuka kuwa breki, na breki hiyo inayakamata magurudumu ya nyuma peke yake. Papo hapo uzito unakimbilia mbele. Matairi ya nyuma yamepunguziwa mzigo na bado yanazuiwa yasizunguke, kwa hiyo yanateleza. Kushusha gia na kuachia klachi kwa pupa huleta balaa hilohilo, tena kubwa zaidi.

Kinga yake ni kumaliza kupunguza mwendo na kuchagua gia ukiwa bado kwenye barabara iliyonyooka, kisha uingie konani ukiwa umeshikilia mafuta kidogo bila kuyabadilisha. Mkia ukishaondoka, kanyaga klachi ili magurudumu ya nyuma yazunguke huru. Wa otomatiki aachie mafuta taratibu. Geuza usukani upande ule ambao mkia unakimbilia, na macho yaelekee unakotaka kwenda, si kwenye mtaro. Mara tu mkia unapoanza kurudi, rudisha usukani bila kungoja gari linyooke kabisa. Hapa ndipo wengi hushindwa: wanachelewa, mkia unapita upande wa pili kwa nguvu zaidi, na mserereko huo wa pili ndio unaowatoa barabarani.

Mfumo wa kompyuta unaozuia mserereko uache ukiwa umewashwa. Ikibidi usimame kwa dharura na gari lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), kanyaga breki kwa nguvu zote na usiachie hata pedali ikitetemeka.

Wenye magari ya umeme yanayosukuma nyuma wazingatie hili pia: ile breki ya mota inayorudisha chaji hukamata nyuma vivyo hivyo. Iweke kiwango cha chini kwenye utelezi.

Kwa la kuvuta mbele dawa ni tofauti. Pua ndiyo inayogoma na gari linakwenda moja kwa moja. Dereva aliyeshtuka huzidi kukata usukani, na matairi yanazidi kukwaruza theluji kiubavu bila kushika. Punguza mafuta, rudisha usukani kidogo, subiri matairi yaume, ndipo ukate tena.

Swali: Kuweka mifuko ya mchanga kwenye buti kunasaidia?

Jibu: Kwa la kusukuma nyuma, ndiyo. Kilo 50 hadi 100 kwa gari dogo, 100 hadi 150 kwa pikapu tupu, bila kuvuka uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Uweke juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na uufunge usihame. Ukiusogeza hadi mwisho wa buti unainua pua, usukani unalegea na mkia unakuwa mzito kuurudisha. Kwa la kuvuta mbele usiweke kitu. Utakuwa unapunguza mshiko wa magurudumu yanayovuta.

Swali: Minyororo ifungwe wapi?

Jibu: Kwenye magurudumu yanayopokea nguvu ya injini: mbele kwa la kuvuta mbele, nyuma kwa la kusukuma nyuma. Endesha mita mia chache, simama, ikaze tena. Usizidi kilomita 50 kwa saa.

Swali: Nimekwama, tairi moja linazunguka na lingine limetulia. Naanzia wapi?

Jibu: Anza kwa kuacha mafuta. Kila mzunguko unayeyusha theluji, kisha inaganda kuwa barafu chini ya tairi. Zima injini, chimba mbele na nyuma ya magurudumu, na usafishe mdomo wa ekzosi, maana ukizibwa na theluji moshi wenye sumu unaweza kuingia ndani. Nyoosha usukani. Mwaga mchanga mbele ya magurudumu yenye nguvu.

Zima kwa muda mfumo unaozuia matairi kuzunguka bure, kwa sababu unakata nguvu ya injini. Weka gia ya pili, achia klachi polepole. Likisogea kidogo na kugoma, liache lirudi, kisha lisukume tena mbele kwa kufuata mwendo wake. Kwenye otomatiki simamisha magurudumu kabisa kabla ya kubadili mbele na nyuma, na usirudie mara nyingi mfululizo, giaboksi itachemka.

Tairi moja huzunguka peke yake kwa sababu difu ya kawaida (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia) hupeleka mzunguko kwenye gurudumu lisilo na mzigo. Kwenye gari la kusukuma nyuma lenye hendibreki ya waya, ukiivuta hendibreki kidogo tu, gurudumu hilo huzuiwa na nguvu ikapata njia kwenda la pili. Gari likitoka, achia hendibreki na uwashe tena mfumo uliouzima kabla hujaongeza mwendo.