Testi zote zilipita, geti likagonga gari

SWALI: Shikamoo fundi. Nimetengeneza geti la umeme kwa bodi ya Arduino (kikompyuta kidogo cha kuongozea vifaa), sensa ikiona gari mota inatakiwa isimame ndani ya milisekunde 200. Programu inazunguka hivi, inasoma sensa (5), halafu ama inaandika kwenye skrini (40) ama inaipa modemu meseji ya mwenye nyumba (120), mwisho ndo inaiambia mota iendelee au isimame (10). Hizo ni milisekunde, tena ndefu kabisa nilizopima. Nimetesti mara hamsini iko safi, juzi limegusa bampa la mteja. Rafiki yangu yupo chuo anasema programu kama hizi zinapigiwa aljebra, mi naona ananizingua tu.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hajakuzingua, na aljebra yenyewe unaijua toka fomu wani, ni kufungua mabano tu, zimebadilika alama. Kazi zikifuatana, muda unajumlisha. Programu ikifika njia panda, ama huku ama huku, unachukua ile ndefu, manake unachotaka kujua ni siku mambo yakiwa mabaya itakuwaje. Kwa hiyo mzunguko wako ni 5 + kubwa(40, 120) + 10, yaani 135. Na mabano yanafunguka kama shuleni, 5 + kubwa(40, 120) ni sawasawa na kubwa(45, 125), ndo maana programu ndefu unaweza kuikata vipande, kila kipande ukakipigia hesabu yake halafu ukaunganisha. Wenyewe wanaiita aljebra ya maksi-plasi, maksi ndo ile kubwa, plasi ndo kujumlisha.

Sa ukiona 135 iko chini ya 200 unalala usingizi, wakati gari halisubiri mzunguko uanze! Likiingia pale sensa imetoka tu kusoma, mzunguko ule haulioni kabisa, zinapita kwanza 120 na 10, ndo inasoma 5, meseji nyingine 120, halafu 10 ya mota. Hiyo ni 265. Zile mara hamsini gari lilikuwa linaingia wakati mzuri, basi.

Dawa: hatua ya mota ihamishe ije mara tu baada ya kusoma sensa. Mzunguko unabaki 135 ileile, kujumlisha hakujali nani katangulia, ila toka gari kuingia mpaka mota kusimama inakuwa 10 + 120 + 5 + 10, yaani 145. Hujanunua hata waya.

Ukija kuwa na kazi nyingi zinazogombania kufuli moja (alama ya programu inayoruhusu kazi moja tu kutumia kitu fulani, nyingine zisubiri), hapo hesabu hii haitoshi kwa sababu kusubiriana hakumo. Chombo cha Marekani cha Pathfinder mwaka 1997 kilikuwa kimeshatua Mars kompyuta yake ikawa inajizima na kuwaka, kazi ya haraka ilikuwa inasubiri kufuli lililoshikwa na kazi ndogo ya hali ya hewa, na kazi ya kati ikawa inaipora ile ndogo prosesa. Kwa mambo ya kusubiriana kuna aljebra nyingine, CSP (Communicating Sequential Processes, yaani kazi zinazowasiliana) aliyoianzisha mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare mwaka 1978, watafiti Reed na Roscoe wa Oxford wakaitia muda mwaka 1986. Geti lako halijafika huko bado.

Ila hiyo 120, uliipima mtandao ukiwa mzima? Chomoa antena upime tena kabla hujamrudia mteja.