Serikali itandaze mkongo, isigombee wateja

Mhariri ameuliza wiki hii iwapo intaneti ya kasi nchini Tanzania iachiwe ushindani wa soko huria au Serikali nayo iingie. Naona iingie, lakini isifike kwenye biashara ya rejareja.

Kabla ya 2009 Kenya na Tanzania zilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za nje, na gharama yake ilikuwa ya wachache. EASSy, mkongo wa baharini (kebo ya nyuzi za kioo inayolazwa chini ya bahari) uliotarajiwa kutukwamua, ulichelewa kwa miaka kwa sababu ya mabishano kuhusu umiliki na masharti ya kuutumia. Serikali ya Kenya ilipochoka kusubiri ilianzisha TEAMS, mkongo wa kutoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, kwa ubia na Etisalat, kampuni ya simu ya huko, kisha ikazikaribisha kampuni za simu kununua sehemu kubwa ya hisa. Mwaka 2009 SEACOM, mkongo wa wawekezaji binafsi, ulitua Mombasa na Dar es Salaam. Serikali ilithubutu, na bado haikujifanya mwuzaji pekee. Hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi katika historia hiyo.

Vijijini ni suala jingine. Kampuni haiwezi kusimamisha mnara katika kata ambayo mapato yake hayalipi hata dizeli ya jenereta, nami siilaumu. Ruzuku ambazo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote wa Serikali ya Tanzania huzipa kampuni za simu, zikiwamo za mikataba ya minara 758 iliyotiwa saini mwaka 2023, zinaziba pengo hilo bila Serikali kuwa mwendeshaji.

Wasiwasi wangu uko kwenye Mkongo wa Taifa, mtandao wa kebo za umma unaosambaza intaneti ndani ya Tanzania. TTCL, shirika la simu la umma, inausimamia, inazikodisha kampuni nyingine uwezo wake kwa bei ya jumla, na papo hapo inawauzia wananchi intaneti ya majumbani. Sisemi kwamba inajipendelea. Nasema kwamba mshindani anayelazimika kukodi njia kwa yule anayegombea naye wateja hana namna ya kujua kama anatozwa kwa haki, na asipojua hawekezi. Kwa hiyo bei za jumla zitangazwe hadharani, idara ya rejareja ya TTCL yenyewe ilipe bei hizohizo, na TCRA, mamlaka inayodhibiti mawasiliano, ikague hesabu hizo kila mwaka. Bora zaidi, usimamizi wa mkongo ukabidhiwe chombo cha umma kisichokuwa na mteja hata mmoja wa nyumbani.