Jibu: Medali ya Harrison ya 1840 yenye tundu

Ndugu, umeuliza kama tundu kwenye medali yako ya William Henry Harrison, mgombea urais wa Marekani mwaka 1840, linaiharibia thamani, na kama uisafishe kabla ya kuiuza. Tundu lisikutie wasiwasi. Medali nyingi za uchaguzi wa 1840 zilitobolewa makusudi ili wafuasi wapitishe utepe na kuzivaa kifuani. Chukua lenzi uangalie kingo zake: tundu la zamani limelainika na rangi yake inafanana na uso wa medali, la juzi hung'aa kwa ndani.

Kuhusu kusafisha, nakusihi usiiguse kabisa! Ule utando wa kahawia juu ya shaba ndio wakusanyaji wanaoutafuta.

Kile kibanda cha magogo kilichochorwa nyuma kina kisa kitamu. Wapinzani walimdhihaki Harrison kuwa ni mzee wa kukaa kibandani akinywa sida, kileo cha tofaa. Chama chake cha Whig kikaifanya dhihaka hiyo nembo, kikamshinda Rais Martin Van Buren. Kwangu hakuna medali za kampeni tamu kuliko hizi.

Tafuta pia mwaka wa karibuni uliogongwa pembeni: tangu 1973 sheria ya Marekani inataka nakala za vitu vya kisiasa zionyeshe mwaka zilipotengenezwa. Tupia picha za pande zote mbili tuone.